Simfonia Iliyozikwa Vipande Vipande

Kijijini kwetu Pusztasáros mtu hafi kimya. Jeneza likishapigiliwa misumari, marehemu hupewa nafasi ya kusema mara ya mwisho, naye husema kwa kuimba, kupitia kinywa cha mwimbishaji wa kanisa. Humuaga mkewe kwa jina, wanawe kwa majina, mashemeji, wakwe, hata mwenye kinu aliyekuwa akimpunja unga. Ole wake mwimbishaji atakayemruka mtu. Alipozikwa Bordás mchinja nguruwe, shemeji yake wa kike hakusikia jina lake wimboni. Alisimama palepale ukingoni mwa kaburi akauliza, "Na mimi je? Mimi paka?" Ikabidi marehemu aongeze ubeti.

Kinywa kilichowasemea wafu wetu kilikuwa cha Szalárdy Vendel, mwalimu wa shule na mpiga kinanda wa kanisa, na hakijapata kutokea kinywa kilichoichukia kazi yake kama kile. Vendel alikuwa mtunzi wa muziki. Alisomea Budapest, kwenye chuo chenye ngazi za marumaru, akaja kwetu akiwa kijana mwembamba na sanduku la nguo lisilo na nguo. Ndani mlikuwa na simfonia. Alisema atakaa msimu mmoja tu wa baridi, aimalizie mahali penye utulivu. Utulivu tulikuwa nao, maana matope yetu humshika hata anayetaka kuondoka. Theluji ilipoyeyuka alikuwa bado yupo, na kufikia mavuno ya zabibu alikuwa ameshaoa.

Sikio lake lilikuwa ugonjwa. Nota ikikosewa mbele yake aliruka kama aliyekalia sindano, na hakujali imekosewa na nani. Shuleni alirusha chaki. Mwaka aliokuja askofu kutoa kipaimara, baba askofu alianza zaburi chini kidogo ya kinanda. Vendel aliacha kupiga, akainama kwenye ukingo wa roshani, akasema mbele ya waumini wote, "Juu kidogo, baba." Askofu akapanda. Padri wetu hakula siku nzima kwa aibu, na kwa padri wetu hilo lilikuwa jambo la kuandikwa.

Mkewe alikuwa Etelka, binti wa fundi viatu, mrefu, mwenye mikono mikubwa, asiyejua nota hata moja wala kuona haya kwa hilo. Vendel alikuwa na tabia ya kutoka nje kichwa kimejaa muziki na koti liko wazi, hata theluji ikianguka. Etelka alimwita kutoka mlango wa jikoni, chakula kikipoa mezani: "Ven-del!" Nusu ya kwanza ya jina ilipanda, ya pili ikaanguka, tena ilianguka chini kuliko mtu alivyotarajia, sauti ya mke aliyechoka kuita kabla hajamaliza kuita. "Koti!"

Simfonia ilikuwa imekosa sehemu moja tu, ile ya polepole. Vendel aliiandika mwaka wa kwanza wa ndoa yake, na katikati yake akauweka ule mwanguko wa sauti ya mkewe, nota kwa nota. Hakumwambia. Kwetu mwanamume humsifu farasi wake hadharani. Mke husifiwa akishazikwa.

Basi alipoimaliza kazi yake aliitia kwenye foronya, akapanda treni kwenda Budapest kumwona Rátkay. Huyu Rátkay walikaa dawati moja chuoni, wakanakiliana mitihani, na sasa alikuwa profesa ambaye neno lake lilifungua milango ya kumbi za muziki au kuifunga. Walikutana mkahawani. Rátkay alifunua kurasa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika andazi la jemu ya plamu.

"Vendel, ndugu yangu, kazi safi," alisema huku akitafuna. "Safi mno. Umeoga mpaka umejichuna ngozi."

"Maana yake nini?"

"Haina mizizi, bwana. Huu si muziki wa watu. Hebu niambie, mama gani huko kwenu atauimba huu akinyonyoa bata?"

"Ni simfonia. Haikuandikiwa mabata."

"Ndiyo hivyo basi." Alifika kwenye sehemu ya polepole, akasimama, na tone la jemu likaanguka katikati ya ukurasa. "Na hapa umekosea. Hii nota ipandishe nusu. Inaanguka kama mlevi ngazini."

"Haipandi."

"Kwa nini?"

Vendel alilitazama lile doa la jemu. Angesema nini? Kwamba ni mke wangu ananiita chakula kinapoa? Wangemcheka mkahawa hadi mkahawa. "Haipandi tu," akasema, akairudisha simfonia kwenye foronya.

Etelka alikuwa akimenya viazi aliporudi.

"Wamesemaje?"

"Haina mizizi."

"Kwani ulipeleka karoti?"

"Etelka, tafadhali."

"Mie nauliza tu. Kama haina mizizi, izike. Labda itaota."

Alisema kwa mzaha, lakini mumewe alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hana haja ya ushauri mzuri. Wiki ileile Bordás mchinja nguruwe akaaga dunia. Vendel alichukua mwanzo wa simfonia, ule alioutungia tarumbeta, akautilia maneno ya mchinja nguruwe anayewaaga watoto wake na visu vyake, akauimba makaburini kwa sauti ya kulipiza kisasi. Watu walilia hadi mbwa wakaitikia. Mjane wa Bordás alimletea soseji, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na Vendel akaila akiwa amenuna.

Tangu hapo kila aliyekufa alizikwa na kipande. Mwenye kinu alipata filimbi. Mkunga, mama aliyetupokea sote, alipata vinubi na nusu ya vinanda vya nyuzi. Kuna mlevi mmoja, jina lake tuliache, alizikwa kwa sehemu ya ngoma, na hakustahili. Kufa kufaana: maiti walipata muziki wa ukumbi wa Budapest, na mtunzi akapata wasikilizaji ambao, kwa siku ile moja, hawakukohoa.

Kilichomuudhi ni wanawake. Walikwenda nazo nyumbani zile sauti. Wakitoka makaburini, jioni yake wanazo jikoni, wameshabadilisha maneno, wameweka ya kuchekesha, mengine ya matusi. Siku moja alipita uani kwa Gulyás Verona, mjane mwenye mabata bukini wengi na ulimi mrefu kuliko shingo zao. Verona alikuwa ameketi juu ya kigoda, bata mapajani, manyoya yanaruka, anaimba.

Vendel alishika ua kwa mikono miwili. "Bibi Verona! Hiyo ni ya tarumbeta!"

"Hii? Hii ya Bordás, Mungu amrehemu. Nzuri ya kunyonyolea, Mwalimu. Inakwenda na mkono."

"Imeandikwa kwa ajili ya tarumbeta nne!"

"Basi zije zininyonyolee."

Vendel alirudi nyumbani akalala na soksi miguuni. Alikuwa amesahau kabisa swali la Rátkay, maana aliyeumwa na nyoka hakumbuki rangi yake, hukumbuka maumivu.

Sehemu moja hakumpa maiti yeyote. Ile ya polepole aliifungia kabatini. Hata padri wa zamani alipofariki, aliyetarajia kitu kikubwa, alipewa masalio ya sehemu ya mwisho. Kila mwaka Vendel aliapa kwamba majira yajayo ataipeleka tena Budapest, hiyo peke yake, ichezwe mahali penye taa za kioo, na juu ya karatasi pachapwe jina lake. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani, jina lake juu ya karatasi. Etelka alikuwa akimjibu, "Haya, nenda. Ila funga koti."

Halafu Etelka akafa yeye. Kifua kilimbana Jumatatu, na Jumapili alikuwa sebuleni katikati ya mishumaa.

Wanawake walimwendea Vendel wakamwambia aitwe mwimbishaji wa kijiji cha pili. Mtu haimbi maagano ya mke wake mwenyewe, atawezaje kujiaga? "Yule anaimba kama bawaba," Vendel alisema, akawafungia mlango. Usiku kucha hawakusikia kitu. Asubuhi alitoka na karatasi, akafuata jeneza hadi makaburini, koti wazi, theluji inampiga kifuani, akasimama akaimba kwa niaba ya mkewe ile sehemu ya polepole:

*Kwaheri jiko langu, moto nimeufukia,*
*Kwaheri jirani zangu, chumvi mlinipatia,*
*Kwaheri nawe, Vendel, baridi yaingia,*
*Funga mwenyewe koti, sitarudi kukwambia.*

Alipofika kwenye jina lake sauti ilianguka, ikaanguka chini kuliko ilivyopaswa. Sote tuliokuwa pale tulikuwa tumeusikia ule mwito kila siku ya Mungu kupitia ua wa jikoni. Bibi Verona alipiga ukelele, na haukuwa wa kilio. "Yesu, ni yeye!" Vendel alimaliza ubeti bila kutetemeka, kwa sababu nota ilikuwa lazima isimame mahali pake, kisha akaketi chini kwenye theluji kama gunia. Iliuma, na yeyote aliyesema haikumuuma ni mwongo.

Hakutunga tena. Simfonia ilikuwa imekwisha, imelala chini ya ardhi yote, na kabatini ilibaki karatasi yenye doa la jemu.

Vita vikaja vikapita. Serikali mpya ikamwambia mwalimu achague kati ya shule na kinanda cha kanisa. Alichagua shule, na maziko akayaimba kwa kificho, kwa zile sauti za zamani, kwani wafu hawakuwa wameambiwa kuhusu mabadiliko. Akazeeka, akavimba miguu, akaendelea kurusha chaki.

Ndipo siku moja ya masika gari likazama kwenye matope yetu mbele ya shule, akatoka Rátkay. Sasa alikuwa Ndugu Profesa, mwenye upara, mnene, na mashine ya kunasia sauti kubwa kama jiko. Serikali ilimtuma kuzunguka vijijini kukusanya nyimbo za kale za watu, zipate kuchapishwa katika kitabu cha shule zote za nchi.

"Vendel! Hujafa?"

"Bado nangoja wa kuniimbia."

Walipelekwa jikoni kwa Bibi Verona, ambaye kwa umri sasa alikuwa amekaribia kuwa wimbo wa kale yeye mwenyewe. Wanawake wengine walikuwa wameshajaa, wamefunga vitambaa vyao vya Jumapili. Palinka, pombe kali ya plamu, ikamiminwa, mashine ikawashwa, Rátkay akatoa na penseli yake, kwa maana hakuiamini mashine.

Bibi Verona akafungua na ya Bordás.

Rátkay alishika kifua. "Mungu wangu. Hii ina miaka mia mbili."

"Zaidi," Verona alisema. "Nyanya yangu alinyonyolea bata kwa hii."

Wanawake wakaangalia sakafu. Mmoja alimtia mwenzake kiwiko, mwingine akajifanya anapiga chafya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa hajui. Ikafuata ya mwenye kinu, na Rátkay akasema hiyo ilikuja na farasi kutoka Asia. Ikafuata ya mkunga. Ya yule mlevi ilimtoa machozi profesa, akasema mtu mmoja peke yake hawezi kutunga kitu kama hicho, ni roho ya taifa zima.

Vendel alikaa pembeni mwa jiko na gilasi yake, akitetemeka kwa furaha mbaya. Leo ndiyo leo. Aliamua amwache Rátkay ameze yote, mpaka mfupa, na kwenye gilasi ya mwisho asimame aseme: ni zangu, ile ile isiyo na mizizi. Ingebidi jina lake lichapwe. Alikuwa ameshaanza kupanga namna ya kusimama.

"Imebaki moja," Bibi Verona alisema, na kwa mara ya kwanza hakumtazama mtu. "Hii tunaiimba wenyewe tu. Tukiwa tunamfikiria mtu."

Akaimba *Kwaheri jiko langu*. Wanawake wakaingia mmoja mmoja, taratibu.

Gilasi ilisimama njiani kwenda mdomoni mwa Vendel. Hakujua. Miaka yote alidhani ile imebaki kaburini, na kumbe walikuwa nayo, nyuma ya milango yao, nota kwa nota, bila neno hata moja la matusi. Walipofika kwenye jina lake sauti ziliangukia palepale. Kwa kitambo kidogo Etelka alikuwa mlangoni.

Rátkay alikuwa akiandika haraka, analia waziwazi. Kisha alisimama, akasita, akafuta nota moja na kuiandika tena, juu kidogo.

"Ishushe!" Vendel aliruka, gilasi ikavunjika. "Ishushe, mpumbavu wewe! Umezeeka mpaka umepata upara, na bado unaipandisha?"

Mashine iliendelea kuzunguka.

"Wameimba chini kwa bahati mbaya," Rátkay alisema. "Bibi hawa ni wazee. Wewe unajuaje?"

"Kwa kuwa ni yangu. Zote ni zangu, tangu ya bata."

Rátkay akacheka, cheko la huruma. "Vendel, ndugu yangu, kila kijiji kina mzee wa namna hii."

"Uliidondoshea jemu."

Cheko likakatika. Profesa aliitazama karatasi yake mwenyewe, akaiimba kimoyomoyo, midomo ikicheza, na uso wake ukabadilika taratibu kuwa wa yule kijana aliyekuwa akinakili mtihani. Akanyoosha mkono akazima mashine.

"Haina mizizi," Vendel alimkumbusha.

"Niache kwanza." Rátkay alijifuta upara kwa leso. "Sikiliza. Kitabu ni cha nyimbo za watu, zisizo na mwenyewe. Hiyo ndiyo amri, sikuitunga mimi. Ukisema ni zako, nazifuta zote sasa hivi, na mtunzi aliyekuwa akiimbia makaburini hakuna atakayemchapa, unajua."

"Na nikinyamaza?"

"Kila mtoto wa shule nchi hii ataziimba."

"Na jina langu?"

"Halitakuwapo. Juu tunaandika: umeimbwa na Gulyás Verona, Pusztasáros."

"Mie sina neno," Bibi Verona alisema.

Vendel alisimama katikati ya jiko miguu imevimba, vipande vya gilasi viko chini yake. Maisha yake yote yalikuwa yamengoja karatasi moja yenye jina lake juu, na sasa karatasi ilikuwa mezani, na pale juu palikuwa na jina la mfuga mabata. Aliinama akaichukua penseli mkononi mwa Rátkay. Kwanza kabisa akaifuta ile nota na kuishusha mahali pake. Kisha akasema kwa uchungu ambao hakujaribu kuuficha, "Andika. Hauna mwenyewe."

"Hauna nini?" Bibi Verona aligeuka na kigoda chake. "Mwalimu, palinka imekupanda? Etelka amekutaja humo ndani kwa jina. Sisi wengine wote, mimi niliyempa chumvi kwa mkono huu, tumeitwa jirani tu! Nimekaa na donge hilo tangu tumzike, na wewe unasema hauna mwenyewe!"

Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, na kwamba hata wao walichukia.

Vendel akamgeukia Rátkay. "Maneno mnayabadilisha?"

"Hatugusi hata neno. Ni ya watu."

"Basi andika," alisema, akaketi, na Bibi Verona akamletea gilasi nyingine.

Kitabu kilifika shuleni kwetu kabla hajastaafu, kimefungwa kwa karatasi ngumu ya kijani. Vendel alikifungua mbele ya darasa kwenye ukurasa wa jirani na chumvi, akapiga meza kwa kidole, na watoto wakaanza. Walikwenda vizuri mpaka kwenye jina, hapo wakapanda.

"Hapana. Chini."

Msichana mmoja wa dawati la mbele aliinua mkono. "Mwalimu, huyu Vendel ana jina kama lako."

"Majina yanafanana."

"Ni nani?"

"Mtu fulani. Alikuwa akitoka nje bila kufunga koti."

"Mjinga huyo," msichana alisema, na darasa likacheka.

"Sana," alisema mwalimu. Chaki ilikuwa mkononi, lakini hakuirusha. "Sasa sikilizeni. Hapo haimbwi, anaitwa. Anayemwita ameshachoka kumwita, na chakula kinapoa. Shusheni sauti. Tena."

Wakaimba tena. Mara hii waliishusha vilivyo, wote kwa pamoja, na mzee akafunga kifungo cha juu cha koti lake.